Mémoire ya Solange na Nyimbo za Kukama

Kwanza niondoe shaka moja: sijawahi kumwandikia mwanafunzi mémoire yake, ile kazi ya kumalizia masomo. Nasema hivi kwa sababu hapa Goma kila mwalimu anayestaafu huachiwa sifa hiyo, na baadhi yetu tumeistahili. Mimi nilisoma, nikakata, nikarudisha, nikasoma tena. Kama kuna sentensi zangu ndani ya kazi za watu, ziliingia kwa njia ya mshale mwekundu pembeni mwa ukurasa, na mwenye kazi akaona uvivu kutafuta ya kwake.

Ninyi wasaidizi mliobaki katika idara yetu ya lugha mmeniomba niwaachie maneno machache kuhusu kuongoza kazi za mwisho wa masomo. Habari za vyeo nitaziruka. Mlinikuta nikiitwa Mama CT, yaani chef de travaux, cheo cha chini ya profesa, na nimeondoka nikiitwa hivyo hivyo, kwa hiyo hapo hakuna la kusimulia.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka Butembo, kwenye udongo mwekundu na wazazi walima viazi, na hakuna aliyeniambia kwamba uwanja mzima wa taasisi ni mawe ya volkano, meusi na makali kama chupa iliyovunjika. Nilipofika mlangoni kwa mkuu wa idara, viatu vilikuwa tayari vya mazishi. Mkuu huyo alikuwa Muzee Bauma, Muhunde wa Masisi, mwembamba, mwenye koti moja la misimu yote. Aliangalia viatu, akaangalia uso wangu, akanipa mashine ya kurekodi kaseti na katoni ya fishi, zile kadi ngumu ambazo siku hizi hamzijui.

"Mama," akaniambia, "mutu akikuimbia, andika jina yake, kwabo ni wapi, na mikono yake ilikuwa inafanya nini ile saa. Ukikosa ile ya tatu, fishi utupe."

Nilidhani ni vituko vya wazee. Mwezi uleule tulikwenda kurekodi Kiwanja, mji mdogo kaskazini mwa Goma, na sokoni nikamkuta mama mmoja akiambua maharagwe huku akiimba Kinyarwanda, wimbo mzuri sana. Nikamwomba aache kazi, akae vizuri, aimbe kwenye mashine. Akaacha, akafuta mikono, akakaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ubeti wa pili ulimpotea, wa tatu ukaja nusu, kisha akasema amesahau. Nilikasirika naye, kana kwamba alikuwa na deni kwangu. Muzee Bauma alikuwa nyuma yangu anakula ndizi.

"Mumurudishie maharagwe yake," akasema.

Akarudishiwa. Wimbo ukarudi wote, na beti mbili zaidi. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyeniletea fishi isiyo na mikono nikaipokea. Walinisema sana kwa hilo, na najua jina mlilonipa kwenye korido, lakini nitalinyamazia.

Betri zilikuwa taabu ya miaka ile. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo ulipaswa kumwomba bibi wa watu aanze na wimbo mrefu. Baadaye zikaja simu, na wanafunzi wakaanza kurekodi kila kitu na kusikiliza kidogo. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nasema tu kwamba betri inayokufa humfundisha mtu kuchagua.

Kuna walionichosha. Mmoja alikuwa frère, mtawa kamili mwenye msalaba kifuani. Aliniletea kazi safi ajabu kuhusu hadithi za Kinande, na mimi nilikuwa mgeni bado wa hila zao, nikafurahi. Siku ya kuitetea, mwenyekiti wa jury, yaani jopo la watahini, alifungua ukurasa wa shukrani, akasoma, kisha akauliza kwa upole sana kama Madame Kavira na watoto wanaendelea vizuri. Frère alikuwa ameibeba kazi ya mtu mwingine nzima nzima, pamoja na mke. Tangu hapo nilianza kusoma kila mémoire kwa kuanzia shukrani, na nawashauri mfanye vivyo hivyo. Mtu huweza kuiba nadharia bila kujikwaa, ila familia humpa shida.

Mlima ulipotema moto, lava ilipita katikati ya mji na kuchukua chumba chetu cha maktaba. Nilitoka na katoni moja ya fishi kichwani, na nguo nikaziacha. Dada yangu alinilaumu miaka mingi kwa ajili ya nguo zile. Muzee Bauma alistaafu baada ya hapo akarudi kwao, na alipofariki njia ya Masisi ilikuwa imefungwa, hatukuweza kwenda kumzika. Hilo bado linaniuma.

Sasa nifike kwa Solange, kwa kuwa ndiye sababu ya kukubali kuandika.

Alikuja ofisini kwangu mwaka mmoja kabla sijastaafu, msichana wa Kiwanja, mrefu, wa maneno machache, mtoto wa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Alikuwa na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema anataka kuandika juu ya nyimbo za Kigaeli. Nilimwomba arudie. Kigaeli, akasema, lugha ya zamani ya Ayalandi, ile waliyokuwa nayo wakulima na wafugaji wa huko kabla Kiingereza hakijawafunika. Nilimuuliza kama amekosa lugha karibu.

"Hapana, Mama CT. Masœur Brigida njo alinifundisha. Kwabo balikuwaka na nyimbo za kuimbia ngombe wakati ya kukama, ili atulie, maziwa ishuke. Na kwetu balikuwaka na zetu. Nataka nizikalishe pamoja."

Masœur Brigida alikuwa mtawa wa Ayalandi aliyefundisha miaka mingi katika shule ya wasichana huko Kiwanja. Solange alikuwa akimsaidia bustanini, na bibi huyo, kadiri alivyozeeka, ndivyo nyimbo za kwao zilivyozidi kumtoka mdomoni. Alimfundisha msichana maneno, akamwandikia nyimbo tano kwenye daftari, na chini ya kila neno maana yake kwa Kifaransa. Kisha wenzake wakamrudisha kwao apate kutunzwa, na Solange akabaki na daftari.

Kwenye mkutano wa idara walicheka. Mmoja aliuliza kama msomaji wa kuikagua tutamwita kutoka mbinguni. Nilimtetea kwa ukali kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilichoka kuona watoto wetu wakiandika mada ileile mara kumi kwa majalada tofauti. Walikubali, ila wakaniambia, "Ni yako, Mama CT. Ikianguka, unaanguka nayo." Nikasema sawa.

Jambo lililokuwa hatarini nililijua tangu mwanzo. Shule ileile ya Kiwanja ilikuwa imemwekea Solange nafasi ya kufundisha Kifaransa, mpaka mwisho wa mwezi wa mitihani. Akileta attestation, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba amefaulu, nafasi ni yake. Asipoileta, wanampa mwingine. Mama yake alikuwa peke yake kule na wadogo wanne, na Solange hakuwa na ndoto nyingine ila kurudi kukaa karibu naye.

Tulifanya kazi kwa bidii. Alipakua kamusi kwenye simu siku zile mtandao ulipokuwa na huruma. Maneno yalipomshinda alimtumia Masœur ujumbe wa sauti, na majibu yalichelewa kwa kuwa mtunza wagonjwa ndiye aliyemshikia bibi simu. Nilimsikia Solange akisoma nyimbo zile kwa sauti ofisini, maneno yenye upepo mwingi ndani yake, na sikuelewa hata moja, lakini nilipenda kusikia. Upande wa kwao alikwenda kwa wajomba zake, akarekodi amahamba, nyimbo ambazo wachungaji huimbia ng'ombe. Fishi zake zilikuwa timilifu: jina, kijiji, mikono.

Sura ya tatu ndiyo niliyoisifu kuliko zote. Kurasa kumi na nne. Alionyesha jinsi mchungaji wa kwao Rutshuru na mchungaji wa Ayalandi, wanaume wawili wasiojuana, wanavyojenga urafiki na mnyama kwa sauti. Jinsi mwanaume asiyesema maneno matamu mbele ya mkewe huyasema yote mbele ya ng'ombe. Nilicheka, kisha nikaguswa. Mimi mtoto wa viazi, ng'ombe nimemjua kwenye sahani. Sikuwa na swali hata moja. Nikaweka sahihi, akadeposa, yaani akakabidhi idarani, nakala tatu zilizofungwa vizuri.

Juma moja kabla ya kuitetea, Jumatatu asubuhi, aliingia ofisini bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amemwomba Masœur picha ya baba yake akikama, ili aionyeshe kwa jury. Jibu lilikuwa limefika. Akaweka simu mezani, akabonyeza, na sauti ya bibi ikatoka, Kiswahili cha Kiwanja kilekile, kimekonda kidogo.

"Solange, mutoto wangu, picha ya papa haiko, juu papa hakukamaka. Kwetu mwanaume akikama, majirani banamucheka. Ni mama. Alikuwa anaweka kipaji ya uso ku mbavu ya ngombe, anaimba polepole. Zile nyimbo zote ni za wamama. Sikukuambiaka?"

Hakuwa amemwambia, na hatukuwa tumeuliza. Solange alisimama akiwa ameshika kiti.

"Kwetu mwanamuke hashikake titi ya ngombe, Mama CT. Sisi tunasukaka tu maziwa mu kibuyu. Hata siku moja sikuwaza kama mwanamuke anaweza kuwa pale. Niliona kukama, nikaona mwanaume."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, na lilikuwa kubwa kuliko lake. Mabibi wa Masisi tuliwadai jina, kijiji na mikono. Mama wa maharagwe tulimdai. Daftari la mtawa kutoka Ulaya tulilipokea kama Injili, bila fishi hata moja, kwa sababu liliandikwa vizuri na mtu tuliyemheshimu. Miaka yote hiyo nikiwachapa wanafunzi kwa kanuni ya Muzee Bauma, na siku ilipohitajika nikaiweka mfukoni.

Niliinuka nikafunga mlango.

"Nani mwingine alisikia hii?"

"Hakuna mutu."

"Basi unyamaze. Hapa Goma nzima hakuna mutu anajua Kigaeli. Utatetea Jumatatu, utapata attestation, utaenda Kiwanja. Kisha tutasahihisha polepole, miye na weye."

Nilikuwa na sababu, na zilikuwa nzuri. Tukiondoa nakala sasa, anasogezwa kwenye kikao kingine, miezi mingi mbele, na nafasi inakwenda. Mama yake anangoja. Nilimwambia hayo yote. Sikumwambia kwamba hiyo ilikuwa mémoire yangu ya mwisho kuiongoza, kwamba niliipigania mbele ya wenzangu waliocheka, na kwamba niliwaona tayari wakicheka tena. Niliona aibu, na aibu ile niliivalisha koti la huruma.

"Sawa, Mama," akasema, akachukua simu yake akatoka.

Ukumbi ulijaa siku ile. Mama yake alikuwa ametoka Kiwanja na majirani watatu kwenye pikipiki mbili, wameketi mstari wa mbele na vitenge vya sare, na kreti za soda zimefichwa chini ya meza ambapo kila mtu aliziona. Walimu watatu wa jury walikuwa mezani na mimi pembeni yao. Solange alianza vizuri, Kifaransa safi, sura ya kwanza, sura ya pili. Alipofika ya tatu aliweka karatasi chini.

"Waheshimiwa," akasema, "kuanzia ukurasa wa thelathini na nane mpaka hamsini na moja, niliyoandika si kweli."

Akaeleza kwa dakika tatu tu. Jinsi alivyosoma nyimbo za watu wengine kwa macho ya kwao. Jinsi wimbo wa pili, aliouita wimbo wa mchungaji mpweke, ulivyokuwa wimbo wa mwanamke ambaye huenda ile ndiyo saa pekee ya siku asiyoitwa na mtu. Mama yake hakujua Kifaransa, akawa anamwangalia jirani amfasirie, na jirani hakumfasiria.

Mwenyekiti, profesa mkali ambaye wote mnamwogopa, alivua miwani. Akaacha Kifaransa.

"Mademoiselle, hapa nani angejua?"

Naye Solange akamfuata kwenye Kiswahili. "Mama yake Masœur, Prof. Alishakufaka, lakini njo yeye alikuwa anaimba. Nilimutoa mu wimbo yake, nikatia mwanaume."

Mwenyekiti akaandika kitu. Kisha akanigeukia.

"CT, ulikuwa na habari?"

Solange aliangalia sakafu. Hakuwa ametaja jina langu mahali popote katika maelezo yake, na nilielewa kwamba hatalitaja. Ningesema sikujua, ningeaminiwa. Karatasi hazikuonyesha kitu. Nikasimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame.

"Nilijua toka Jumatatu iliyopita. Miye njo nilimwambia anyamaze."

Walitutoa nje, wakakaa muda mrefu. Kwenye baraza mama yake alinikamata mkono, akaniuliza kama mtoto ameanguka. Tulipoitwa tena, walisema kazi imekubaliwa, lakini sura ya tatu iandikwe upya, isomwe upya, ndipo attestation itoke. Habari zangu ziliandikwa kwenye ripoti, na mkitaka kuzisoma zipo kwenye kabati la chini, jalada la kijani.

Soda zilinyweka, kwa adabu. Solange aliandika sura ile kwa siku kumi na mbili. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na nilipofika mwisho kifuniko cha kalamu kilikuwa bado hakijatoka. Ni kurasa bora kuliko zote zilizopita mezani kwangu. Lakini mwezi wa mitihani ulikuwa umekwisha siku ya tisa kati ya hizo kumi na mbili, na shule ya Kiwanja haikungoja. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba nafasi amepewa mwingine. Aliniambia akiwa ameketi wima, macho makavu. Nilimpa pole kwa maneno ya kawaida, yale tunayompa mtu aliyekosa basi, na kubwa nililopaswa kusema likanikwama.

Lilinikwama mpaka nikastaafu. Mwezi uliopita nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka nyumbani Murara mpaka Ndosho, ambako Solange sasa anafundisha darasa la tano katika shule ndogo ya mbao, kati ya fundi seremala na mtu anayechomelea milango. Nilimkuta wakati wa mapumziko. Alinipa kiti chake, yeye akaketi kwenye deski la mtoto, magoti yamempanda mpaka kifuani, na nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile niliyofunga mlango.

"Mama CT, musijisumbue," akasema, kwa ule wingi wetu wa heshima. "Miye nilikuwa na juma muzima ya kufikiri. Nyinyi, Prof aliwauliza pale pale, mbele ya batu. Mulikuwa na dakika moja tu, na mulisema kweli."

Nilitamani sana kulichukua neno lile kama lilivyo na kurudi nalo nyumbani. Seremala alikuwa ameacha kupiga msumeno.

"Na miye nilikuwa na juma muzima, Solange," nikamwambia. "Nilikuwa na Jumanne, na Jumatano, na zote mpaka Jumapili."

Alikuwa akipanga vipande vya chaki ndani ya kopo, virefu upande mmoja, vifupi upande mwingine.

"Najua, Mama," akasema. "Kila siku nilikuwa nangojea simu yenu."